Bunge la wanafunzi likae vipi: kutazamana, umbo la U au mduara?

Mkuu wa shule akishakubali kuwepo kwa bunge la wanafunzi, kazi inayofuata ni kubeba viti. Katika sekondari nyingi za hapa Mwanza viti hutolewa madarasani na kupangwa bwaloni vilevile vinavyopangwa siku ya mahafali: safu ndefu zinazotazama mbele, Spika na makatibu wake wamepandishwa jukwaani. Ni mpango rahisi, na bunge linalokaa hivyo hupooza mapema. Wabunge wanakuwa kama abiria wa daladala, kila mmoja anatazama kisogo cha mwenzake. Anayejibu hoja hamwoni anayemjibu, na wa safu za nyuma wanamalizia kazi ya hisabati.

Mpango huo nautoa kwenye ulinganisho tangu mwanzo. Ukumbi Mkuu wa Umma kule Beijing umepangwa hivyo, lakini pale wajumbe wanakaribia 3,000 na kazi yao kubwa ni kusikiliza ripoti na kupiga kura. Wewe una wanafunzi 50 wanaotaka kubishana kuhusu vizimba vya samaki.

Yanabaki maumbo matatu: pande mbili zinazotazamana, nusu duara pamoja na ndugu yake umbo la U, na mduara kamili. Kila moja lina mabunge ya kweli yanayolitumia, na kila moja huzaa mazungumzo ya aina yake. Baada ya viti nitagusa desturi: siwa (lile rungu la heshima linalobebwa mbele ya Spika), joho, dua, namna ya kupiga kura. Huko ndiko walezi wa klabu wengi hutumia fedha mahali pasipohitaji fedha.

Pande mbili zinazotazamana

Hili ndilo umbo la House of Commons ya London, baraza la chini la Bunge la Uingereza, na hakuna aliyekaa chini kulibuni kwa ajili ya siasa. Katikati ya karne ya 16 wabunge wa Uingereza walipewa kanisa dogo la Mtakatifu Stefano ndani ya jumba la kifalme la Westminster. Kanisa lilikuwa na viti vya wanakwaya, safu za upande huu zikitazama za upande ule. Wabunge wakavikalia vilivyo, Kiti cha Spika kikawekwa palipokuwa na altare. Moto uliliteketeza jengo mwaka 1834, umbo likabaki. Mabomu ya Wajerumani yakaubomoa ukumbi Mei 1941, na Oktoba 1943 Waziri Mkuu Winston Churchill akasimama kutaka ujengwe tena kwa umbo lilelile, tena uwe mdogo. Hoja yake ilikuwa kwamba kwenye nusu duara mwanasiasa anaweza kusogea kidogokidogo kutoka msimamo mmoja hadi mwingine bila mtu kushtuka, ila kwenye ukumbi wa kutazamana akitaka kuhama lazima avuke sakafu mchana kweupe.

Ukumbi huo ulifunguliwa 1950. Una nafasi za kukaa 427, na wabunge leo ni 650. Siku ya mjadala mkali wengine husimama mlangoni au huketi kwenye ngazi. Churchill aliutaka msongamano huo kwa makusudi, maana ukumbi mkubwa wenye watu wachache huua hotuba yoyote ile. Anayetaka uhakika wa kiti huwahi dua ya kufungulia kikao na kuacha kadi yenye jina lake, na kiti ni chake kwa siku hiyo.

Hilo la msongamano ningelichukua bila kusita. Bwalo la kulia chakula shule nzima ukilitawanyia wanachama 50 wa klabu, sauti zinapotea na aibu inaongezeka. Vuta viti karibu, acha nusu ya bwalo tupu, na toa viti vichache pungufu ya idadi ya wabunge. Wanaochelewa watasimama. Utashangaa jinsi watu watakavyoanza kuwahi.

Kwa mazingira yetu umbo hili lina faida nyingine ambayo Churchill hakuhitaji kuifikiria. Mabwalo mengi ya shule zetu ni marefu na membamba, yameezekwa bati bila dari. Mvua ya ziwani ikishuka juu ya bati lile, hata mwalimu wa zamu mwenye sauti ya gwaride hasikiki mwisho wa bwalo. Lakini pande mbili zilizoachana mita nne hivi, safu mbili kila upande, bado zinasikilizana. London nafasi kati ya mistari miwili myekundu ya zulia ni karibu hiyohiyo, na wenyewe husimulia kuwa ni urefu wa panga mbili ili wabunge wasifikiane. Ukweli wa panga waachie wenyewe, ila mistari ni ya manufaa. Chora miwili ya chaki sakafuni na utangaze kwamba anayezungumza haruhusiwi kuuvuka. Kijana wa kidato cha tatu aliyepandwa na jazba hujikuta anaitazama ile chaki.

Na jazba ndiyo sababu ya kuuchagua mpango huu. Hoja kama "Ufugaji wa samaki kwenye vizimba utawasaidia vijana wa Kanda ya Ziwa kuliko uvuvi wa mitumbwi" inataka watu wawili wanaoonana usoni. Niliwahi kuona bwalo likiamka hivi hivi, upande wa upinzani:

"Mheshimiwa Spika, mzungumzaji aliyeketi hajui hata bei ya dagaa Mwaloni!"

"Mheshimiwa, futa kauli."

"Mheshimiwa Spika, nafuta kauli. Bei ya dagaa Mwaloni anaijua. Hajui ya leo."

Waliokuwa wakisinzia wakagonga meza. Kwenye safu za mahafali sentensi ile ingeishia kwenye kisogo cha mtu.

Ubaya wake nao ni mkubwa. Ukumbi huu haumjui mtu wa katikati. Msichana anayeona kwamba vizimba ni vizuri ila mkopo wake ni mzigo hana pa kukaa, hivyo atachagua upande alipo rafiki yake na kutetea asichokiamini. Halafu upande mmoja ukishazoea kushinda, muhula mzima unaenda hivyo. Kama hoja zenu ni za mashindano na pande hupangwa kwa kura ya bahati, hayo si tatizo. Kama bunge lenu lina kazi ya kumshauri mkuu wa shule kuhusu mambo halisi, endelea kusoma.

Nusu duara, na umbo la U

Paris ndiyo shule ya nusu duara. Bunge la Ufaransa, Assemblée nationale, lenye wabunge 577, huketi katika safu zilizopinda na kupanda ngazi kwa ngazi, zote zikielekea mimbari moja. Mwenye zamu hushuka kutoka kitini na kwenda mimbarini kuhutubia ukumbi mzima, wakiwemo wa chama chake. Mgawanyo wa "mrengo wa kushoto" na "mrengo wa kulia" tunaousoma magazetini ulianzia kwa Wafaransa hao mwaka 1789: waliotaka mfalme abaki na kura ya turufu walijikusanya kuliani kwa mwenyekiti, waliompinga wakaenda kushoto.

Uzuri wa nusu duara ni kwamba una katikati, na katikati hiyo ina viti. Hakuna anayelazimishwa kuwa adui wa mtu. Ubaya wake kwa wanafunzi ni ile mimbari. Mwanafunzi mwenye haya anaweza kusimama alipo na kusema sentensi tatu, ila umwambie atoke, apite mbele ya watu wote, apande, ageuke, ashike karatasi inayotetemeka! Wengi hawanyooshi mkono tena. Muda pia unaliwa: kila mzungumzaji anakwenda na kurudi, na wenye kupenda kuonekana huenda taratibu.

Dodoma imechanganya, na kwa maoni yangu imechanganya vizuri. Katika ukumbi ulioanza kutumika 2006, viti vimejipinda kukizunguka Kiti cha Spika, Serikali ikiwa kuliani kwake na upinzani kushotoni. Lakini mbunge hazungumzi kutoka mimbarini. Anasimama palepale alipo, anawasha kipaza sauti, na maneno yake yote anayapeleka kwa Spika. Bunge letu lilipoanza kama Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926 lilirithi desturi za Waingereza, likaketi miaka mingi katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Desturi zimebaki za kutazamana hata baada ya viti kupinda.

Umbo la U ndilo ninalolipendekeza kwa bunge la shule lenye kazi halisi. Ni pande mbili zinazotazamana, na mwisho wake, mkabala na Spika, safu zinapinda na kuungana. Baraza la chini la Australia pale Canberra limekaa hivyo, na wale wasio upande wa Serikali wala wa upinzani mkuu huketi kwenye kona. Bwaloni kwako kona hiyo ni ya wale ambao hawajaamua. Waambie kabisa: anayetaka kusikiliza kwanza akae kwenye kona, na akishashawishika ahamie upande mmoja kabla ya kura. Churchill alitaka kuhama kuwe kugumu na kuonekane. Hapa kunaonekana, ila si kugumu, na wazungumzaji wanaanza kuhutubia kona badala ya kurushiana vijembe wao kwa wao. Mjadala kuhusu ada ya chakula cha mchana hubadilika sura papo hapo, kwa sababu kila upande una mtu wa kumshawishi.

U hailihitaji bwalo lote. Safu mbili zatosha. Ya tatu ikiongezwa wa nyuma wanasimama juu ya viti ili waone, na viti vya plastiki unavijua.

Mduara

Mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa mduara. Wazee wa Kisukuma, banamhala, wakikutana kusuluhisha jambo hawaketi kwa safu. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi heshima ya utawala ilivyopangwa bila ukumbi wa Kizungu, wapeleke Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, yana banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi wa sehemu mbalimbali za Usukumani. Ngoma ilikuwa alama ya utemi kama siwa ilivyo alama ya mamlaka ya Bunge. Utemi wenyewe, kama cheo cha kiserikali, ulifutwa 1963. Ngoma zipo bado, na mtoto wa kidato cha kwanza akisimama mbele yake haulizi tena kwa nini bunge linahitaji kitu cha kubebwa mbele.

Mduara unafaa mahali ambapo hakuna wa kushinda. Klabu ya watu 20 inayopanga ratiba ya usafi wa bweni, kamati ya nidhamu, kikao cha kupatanisha mabweni mawili yaliyogombana: hapo pande mbili zingeongeza ugomvi. Cardiff, makao ya Bunge la Wales, lina ukumbi wa mviringo uliofunguliwa 2006, hivyo si kwamba umbo hili ni la chini ya mti tu.

Lakini watu wanaouimba mduara husahau mambo mawili. La kwanza ni watazamaji. Kwenye mduara nusu ya wabunge wamewapa watazamaji migongo, na bunge la shule bila shule kutazama linakosa nusu ya faida yake. La pili ni sauti. Mwaka 1992 Bunge la Ujerumani lilihamia ukumbi mpya mjini Bonn, wa mduara na kuta za vioo, wenye sifa kedekede. Vikao vilipoanza, mitambo ya sauti ikashindwa kabisa kuumudu ukumbi, na wabunge wakarudi kwa muda kwenye ukumbi wao wa dharura, ambao zamani ulikuwa jengo la mitambo ya maji. Kuta ngumu za mviringo hurudisha sauti mahali pamoja, na vipaza sauti hupiga kelele. Bwalo letu la saruji na bati halina vioo, lakini mwangwi upo wa kutosha. Ukiweka watu 60 kwenye mduara mkubwa, katikati panabaki uwanja mtupu na kila mtu anapaza sauti kuuvuka. Ukitaka mduara, usizidishe watu 25, na uutoe nje chini ya mti.

Desturi: ipi ubebe, ipi uache

Hapa walezi wamegawanyika. Kuna wanaotaka Dodoma kamili, na joho limeshonwa mjini kwa michango ya wazazi. Kuna wanaosema desturi ni mbwembwe za kikoloni, watoto wajadiliane basi. Mimi siko na upande wowote kati ya hizo. Kila desturi iulizwe kazi yake. Yenye kazi ibaki hata kama ni ya kigeni, isiyo na kazi iondoke hata kama inapendeza kwenye picha.

Siwa ina kazi. Kwenye mabunge ya Jumuiya ya Madola ikiwa mezani, Bunge limeketi. Isipokuwepo, mnaongea tu. London, Bunge likigeuka kamati ya Bunge zima, Spika anaondoka Kitini na siwa inashushwa kwenye vishikizo vilivyo chini ya meza, ili anayeingia akitupa jicho ajue mara moja yupo kwenye kikao cha aina gani. Dodoma nako Bunge likikaa kama Kamati aliyekuwa Spika anaitwa Mwenyekiti, na mbunge aliyezoea kusema "Mheshimiwa Spika" hulazimika kujisahihisha. Desemba 2018 mbunge mmoja wa Uingereza, Lloyd Russell-Moyle, aliinyanyua siwa katikati ya vurumai za Brexit akaanza kuondoka nayo. Hakuwa amemgusa mtu, lakini alitolewa ukumbini siku ile. Marekani wameipa kazi ya ziada: siwa ya Baraza la Wawakilishi, fito 13 za mpingo zilizofungwa pamoja, huweza kubebwa na kuonyeshwa mbele ya mbunge mkorofi, naye anatakiwa atulie.

Kwa wanafunzi hili ndilo la thamani kuliko yote. Kelele za bwaloni huzimwa na kitu wanachokiona haraka kuliko na filimbi. Na haigharimu sana. Nenda kwa seremala yeyote anayekereza miguu ya vitanda, pale Mabatini au Nyakato, umwombe mguu mmoja wa mninga usiochongwa tundu la ubao, mrefu kama mkono wa mtu mzima, apake vanishi. Mguu wa kitanda uliokerezwa vizuri una mafundo na viuno vyake, na ukibebwa begani na Mpambe wa Bunge, yaani mbeba siwa, aliyenyooka hakuna atakayeuliza ulikuwa wa nini. Pigilia misumari miwili chini ya ukingo wa meza ya makatibu kwa ajili ya zile nyakati za kamati.

Msafara wa kuingia ubaki, uwe mfupi: Mpambe na siwa, Spika, Katibu, wote wamesimama, dua, wote wameketi. Paris mkuu wa Bunge hupita katikati ya safu mbili za askari wa Garde républicaine huku ngoma zikirindima. Ukiweka ngoma mlangoni badala ya kengele ya darasani hutakuwa umetoka nje ya ubunge hata kidogo, na utakuwa umerudi Usukumani pia. Ngoma moja, mapigo machache. Ukileta kikundi kizima cha ngoma mtacheza mpaka saa kumi.

Kuinamisha kichwa kuelekea Kiti wakati wa kuingia na kutoka nakubaliana nako, kwa sababu kunapunguza wanaotoka kwenda chooni kila dakika.

Kuzungumza kupitia Kiti hakuna mjadala, lazima kuwepo. "Mheshimiwa Spika, mzungumzaji aliyetangulia amesema..." badala ya "wewe umesema..." Neno lile lile lenye ukali likipitishwa kwa mtu wa tatu hufika likiwa limepoa, na aliyelengwa hana sababu ya kusimama na kujibu kwa ngumi. Ongeza "taarifa", "kuhusu utaratibu" na "mwongozo", ila kila mmoja awe na kikomo. Wanafunzi wakishagundua kwamba "mwongozo wa Spika" unamkatisha mtu hotuba, watauomba kila sentensi.

Joho na wigi, hapana. Madiwani wetu huvaa majoho kwenye vikao vya baraza na yanawapendeza, ila yale ni mavazi ya ofisi ya watu waliochaguliwa. Spika wa bwaloni akivaa joho la mahafali lililoazimwa anatoka jasho na kucheka. Betty Boothroyd, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa House of Commons, alichaguliwa 1992 na akakataa kuvaa wigi. Kiti hakikupungua uzito. Kitambaa kimoja cha rangi begani kinatosha kumtambulisha.

Salamu na shukrani ndizo zinazoua mabunge ya shule, na desturi hii tumeitoa kwa wakubwa. Mzungumzaji ana dakika tatu. Ya kwanza anamshukuru Mwenyezi Mungu, ya pili anampongeza mkuu wa shule, makamu, walimu, mpishi na Spika mwenyewe kwa "kukimudu Kiti", ya tatu kengele inalia. Spika atangaze mwanzoni, mara moja, kwamba itifaki imezingatiwa kwa niaba ya wote, na atakayeshukuru anakatwa muda.

Katibu apewe uzito kuliko anavyopewa. Shule nyingi humchagua Spika kwa kampeni na mabango, halafu Katibu anaokotwa kwa sababu ana mwandiko mzuri. Mezani mbele ya Spika ndipo kanuni zinapokaa. Mtoto wa Ukerewe, Pius Msekwa, aliyekikalia Kiti cha Spika wa Bunge la Muungano kuanzia 1994 hadi 2005, alikuwa Katibu wa Bunge miaka mingi kabla ya hapo, na ukumbi wa zamani wa Dodoma umebeba jina lake. Ukatibu mpe mtoto anayesoma kanuni kwa raha, aketi pale Spika anapoweza kumwinamia bila kunyanyuka. Spika mwenye ngurumo na Katibu mwenye kanuni ni jozi nzuri kuliko Spika mwenye vyote viwili ambaye hutampata.

Na kuwe na mwandishi wa taarifa rasmi. Andika kila kitu, hadi "(Makofi)" na "(Kicheko)", kama Hansard ya Dodoma inavyofanya. Mtu akijua maneno yake yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo Jumatatu, huyachagua.

Kura nayo ina chaguo lake. Ya sauti ni ya haraka: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, Spika anasikiliza na kutangaza. Inafaa kwa mambo madogo. Lakini kwenye bwalo la bati upande wenye wavulana wa kidato cha nne hushinda kila mara, hata wakiwa wachache. Kwa hoja nzito tumia utaratibu wa London wa kutoka nje kupiga kura: ndiyo kwa mlango wa kulia kwa Spika, hapana kwa wa kushoto, wahesabu kura wawili kila mlango, mmoja wa kila upande. Mabwalo mengi yana milango miwili tayari. Siku ya mvua warudishe waliokuwa wakitoka na wasimame ukutani.

Nani achague nini

Ikiwa klabu yako inajiandaa na mashindano ya midahalo kati ya shule, kaa kwa kutazamana na usijisumbue na kona wala ngoma. Wazoee kuangaliwa usoni. Vyuo ambavyo serikali ya wanafunzi ina bajeti halisi ya kupitisha vinahitaji U, siwa, kamati na taarifa rasmi, na watazamaji waketi nyuma ya kona ambako wanaona pande zote mbili. Kikundi cha vijana wa mtaa, iwe Igoma au Buhongwa, kinachokutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kukodi kwa saa, kianze na mduara. Kikizidi watu 25 kihamie U, maana kuanzia hapo mduara hausikilizani. Shule ya msingi inayotaka kujaribu ikae U bila siwa wala kamati, na hoja iwe moja tu.

Kwa yeyote anayeniuliza bila kunieleza ana watu wangapi, jibu langu ni U na mguu wa kitanda.

Limebaki la mgeni rasmi, na hili hulipangia mapema au linakuharibia. Afisa elimu kata akifika, uongozi wa shule utataka kumweka jukwaani karibu na Spika, pengine hata kwenye Kiti chenyewe kwa sababu ndicho chenye mto. Usikubali, na sababu unayo mkononi. Januari 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia House of Commons na askari kuwakamata wabunge watano. Spika William Lenthall alipiga magoti mbele yake, akamwambia kwamba mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyekanyaga ukumbi ule Bunge likiwa limeketi, na mjumbe wake hadi leo hufungiwa mlango usoni kwanza, akabisha mara tatu ndipo anafunguliwa. Dodoma nako wageni huketi kwenye majukwaa yao, na Spika ndiye anayewatambulisha.

Kwa hiyo mgeni apewe kiti kizuri chenye mto, nyuma ya kona, na jina lake lisomwe na Spika baada ya maswali. Mweleze mwenyewe mapema, kwa adabu, kwamba hiyo ndiyo itifaki ya Bunge. Wengi hufurahi kuifuata. Hotuba yake isubiri Spika aahirishe kikao na siwa itoke. Hapo geuza viti vimtazame yeye, na soda zianze kugawiwa.